Magunia 12 ya Sauti

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliuza magunia 12 ya mahindi akanunua kifaa cha kusikilizia muziki. Si simu, wala si redio. Ni kidude kinachoenea kiganjani, kizito kama jiwe la kunolea kisu, chenye kioo mbele na kitufe cha kuzungusha ubavuni. Alikifuata Dar es Salaam, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Tunduma na Mbeya, akarudi nacho Sumbawanga amekifungia ndani ya soksi. Usiku ule ule aliniita chumbani kwake, Chanji, akafunga mlango, akanivika hedifoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Dogo," akasema, "siku zote ulikuwa unasikia kivuli cha muziki. Leo utasikia muziki wenyewe."

Nilisikiliza. Ulikuwa muziki mzuri, nikamwambia ni mzuri, naye akacheka kwa furaha mpaka machozi yakamlenga. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, upepo wa mwezi wa sita unanipiga usoni, swali moja lilikuwa limekwisha kunishika koti: mzuri kuliko nini?

Ndugu msomaji, usiseme hilo ni swali la wenye fedha za kuchezea. Magunia 12 hapa Ufipa ni chakula cha nyumba nzima. Kama kaka anasikia kweli alichokilipia, basi mali yake na raha yake, nani amwingilie? Lakini kama hasikii, basi mahindi yake yameliwa na maneno. Na mimi ninayejua, nikinyamaza, ni ndugu wa namna gani? Nikisema nikamvunjia furaha yake, je, huo nao ni undugu? Swali la sikio limegeuka kuwa swali la moyo, ndiyo maana naliandika hapa.

Kwanza tuangalie anachouziwa. Boksi la kifaa kile limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba kinacheza muziki wa sampuli 192,000 kwa sekunde, biti 24. CD ya kawaida ina sampuli 44,100 na biti 16. Akili ya haraka inasema: hii ni zaidi ya mara nne, basi ni bora zaidi ya mara nne. Gunia la kilo 100 si ni bora kuliko la kilo 50? Kwa nini sauti isiwe hivyo?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ngoma ikipigwa, ngozi inakwenda mbele na kurudi nyuma, hewa inafuata, sikio linafuata hewa. Mashine ya kidijitali inafanya kazi ya karani wa ghala: kila baada ya muda mfupi sana inaandika mtikisiko umefika wapi. Kila alama inayoandikwa ndiyo sampuli. Wengi tunadhani kwamba kati ya sampuli na sampuli kuna shimo, na kwamba ukiongeza sampuli unaziba mashimo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka mingi. Kumbe sivyo. Wahandisi wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949, waliweka hesabu wazi: wimbi likipimwa zaidi ya mara mbili kwa kila mtikisiko wake, linaweza kurudishwa lote kama lilivyokuwa. Hakuna shimo la kuziba. Sikio la kijana mzima linasikia hadi mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana CD ya Sony na Philips, ilipoingia madukani mwaka 1982, ilikuja na sampuli 44,100, yaani mara mbili ya 20,000 na ziada kidogo. Hawakutupunja.

Basi sampuli zile nyingine zote, hadi kufika 192,000, zimebeba nini? Zimebeba sauti za juu kuliko sikio la mtu. Popo angefurahi. Kaka yangu si popo. Tena kaka yangu anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, huko Mazwi, mwaka wa 11 huu, na mashine ile haimwachii mtu masikio aliyozaliwa nayo. Hata mimi ambaye sisagi, nimepita miaka 30, na umri peke yake unaanza kulila sikio kutoka juu.

Na biti? Biti zinahesabu tofauti kati ya sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536, ambazo ni kama desibeli 96. Biti 24 zinatoa ngazi zaidi ya milioni 16, kama desibeli 144. Sasa chukua chumba cha Chanji usiku: mbwa wanabweka, upepo unatikisa bati, jirani anakohoa. Chumba kilichotulia kabisa bado kina desibeli 30 hivi. Ongeza 96 juu yake, umefika kwenye sauti inayoumiza masikio. Nafasi hiyo inatosha na kubaki. Ukitaka kuzitumia desibeli zote 144, itakubidi kwanza uuze masikio yenyewe.

Wapo waliokwenda kupima badala ya kubishana. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walitoa matokeo ya majaribio ambayo wasikilizaji walichezewa muziki wa kiwango cha juu, halafu muziki ule ule ukiwa umepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuambiwa upi ni upi. Walijaribu mara 554. Walipatia mara 276. Ungerusha shilingi hewani ungepata hivyo hivyo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya uchunguzi wa aina hiyo 18, wenye majaribio zaidi ya 12,000. Kwa jumla watu walipatia asilimia 52.3, na wale waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza walipata zaidi. Mimi sitaki kudanganya upande wowote: 52.3 si 50. Huenda kuna kitu kidogo, kwa masikio fulani yaliyofunzwa, katika chumba fulani. Lakini kitu kinachohitaji majaribio 12,000 ili kionekane si kile kilichoandikwa kwa dhahabu kwenye boksi.

Watu wengi wametangulia kuamini dhahabu hiyo. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young alichangisha zaidi ya dola milioni 6 kutoka kwa watu wa kawaida ili atengeneze kifaa alichokiita Pono, cha dola 399, kirudishe roho ya muziki iliyopotea. Kufika 2017 Pono ilikuwa imekwisha. Mwaka 2016 Sony walitoa Walkman ya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa bei ya dola zaidi ya 3,000. Sisi watu wa huku tunataniwa nchi nzima kwa sababu ya jina la mji wetu, ambalo watu hulitafsiri kuwa ni "tupa uchawi". Ukipanda basi Dar ukasema unakwenda Sumbawanga, wa pembeni yako anajisogeza kidogo. Haya bwana. Lakini anayeamini kwamba dhahabu inafanya gitaa lisikike vizuri zaidi hatoki Ufipa.

Basi nikafanya kosa langu.

Nilichukua wimbo mmoja ambao kaka alikuwa nao katika kiwango cha juu. Kwa kompyuta ya kuazima niliugeuza kuwa kiwango cha CD, kisha nikaugeuza kuwa MP3. Nikarudi Chanji jioni moja, washikaji watatu wakiwepo. Nikamwambia kaka, "Sikiliza, hii ndiyo ile kubwa," nikamchezea ya CD. Akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu. "Unasikia gitaa hilo?" akawaambia wenzake. "Unasikia vidole vinavyogusa waya?" Nikawageuzia kioo wakaona. Wakaangua kicheko. Nami nikacheka.

Hakukasirika pale pale. Alivua hedifoni akaziweka mezani polepole, akasema, "Sawa. Sasa tufanye kwa haki." Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimefanya mzaha, sikuwa nimefanya jaribio. Aliyedanganywa akakosea hajathibitisha kitu zaidi ya kwamba alimwamini ndugu yake.

Tukafanya kwa haki. Kifaa kikawekwa chini ya shuka. Mmoja wa washikaji alirusha sarafu ya shilingi 200 kila mara, simba wakija tunacheza kubwa, kichwa kikija tunacheza ya CD, anaandika kwenye daftari bila kusema. Mara 20. Ili tuseme mtu anasikia kweli wala habahatishi, angalau apatie 15. Kaka alipatia 11. Kisha tukalinganisha ile kubwa na wimbo uleule kutoka kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, wimbo uliokwisha kunakiliwa na kubanwa upya sijui mara ngapi, matoazi yanalia kama maji yanayokaangwa. Hapo alipatia 20 kwa 20, tena kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Kwa hiyo sikio lake halina ubovu wa kufanya tumdharau. Panapokuwa na tofauti analiona jambo. Pasipokuwa nayo, haoni, kama mtu mwingine yeyote.

"Zamu yako," akasema.

Mimi nilikuwa nimejigamba muda mrefu kwamba naweza kutambua MP3 iliyobanwa vizuri nikilinganisha na CD. Mimi mwandishi, bwana, mwenye sikio la maneno! Nilipatia 10 kwa 20. Hakucheka. Hilo lilinichoma kuliko angecheka.

Tukakaa kimya. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Dogo, hesabu zako nimezikubali. Lakini mimi, nikikaa na kitu hiki usiku, nasikia vizuri zaidi. Nasikia. Utaniambia sisikii?"

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Je, mtu anaweza kukosea kuhusu kile anachokisikia mwenyewe? Nikisema "una homa" daktari anaweza kunibishia kwa kipimajoto. Nikisema "nasikia baridi" nani anibishie? Raha ni kama baridi. Kaka akisema anaona raha zaidi, hakuna kipimo cha kumwambia hapana. Uongo hauko kwenye raha. Uongo, kama upo, uko kwenye sababu. Anasema: raha hii imetoka kwenye sampuli 192,000. Hapo ameondoka kwenye nafsi yake, ameingia kwenye mambo ya dunia, na dunia inapimika.

Baada ya siku kadhaa nilianza kumchunguza anavyosikiliza. Zamani alisikiliza kwa simu, huku anatembea, huku anajibu meseji, huku mashine inanguruma. Sasa anaoga kwanza. Anafunga mlango. Kifaa hakina meseji, hakipigiwi. Anasikiliza wimbo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, amekaa kitako, mikono magotini. Tena hedifoni alizonunua pamoja nacho ni nzuri kweli, na hedifoni nzuri na mbovu hutofautiana kiasi ambacho hata mtoto atasikia. Basi alikuwa na haki: alikuwa anasikia vizuri zaidi. Kilichobadilika ni hedifoni, na ukimya, na yeye mwenyewe. Alilipa magunia 12 ili ajipe ruhusa ya kukaa kimya na kusikiliza. Ruhusa hiyo haiuzwi dukani, lakini pengine bila kulipa asingeithamini. Watu tuko hivyo.

Kuna atakayesema: sasa shida iko wapi? Mwache mtu na raha yake, hata kama sababu si hiyo. Nimelifikiria sana jambo hili. Katika uwanda wetu bado yapo mabaki ya malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, ambamo wazee wa Kifipa waliyeyushia chuma. Kazi ile ilikuwa na dawa zake na miiko yake, na mtu wa leo anaweza kuitazama akasema ni imani tupu. Lakini chuma kilipotoka na jembe likafuliwa, jembe lilikwenda shambani. Lilikatika au halikukatika. Wazee wale walikuwa na imani na walikuwa na udongo wa kuijaribia. Ubaya wa herufi za dhahabu kwenye boksi ni kwamba hazikutegemea kupelekwa shambani. Aliyeziandika anajua mteja hatafunika kifaa kwa shuka. Anategemea aibu yetu: aliyekwisha kulipa hataki kuonekana mjinga, na asiyelipa hataki kuonekana hana sikio. Hapo kila mtu ananyamaza, na unyamavu wetu ndio soko lake.

Hata hivyo, hiyo ingekuwa hoja ya fedha tu, na fedha hutafutwa tena. Nisingeandika kurasa hizi kwa ajili ya fedha. Kilichonifanya niandike ni kitu kingine, kilichokuja mwezi mmoja baadaye.

Kaka alinijia nyumbani usiku, ameshika memori kadi ndogo ya zamani. "Nimeipata kwenye ile simu yako ya vitufe," akasema. "Sauti ya bibi imo humu, si ndiyo? Tuiweke kwenye kifaa changu. Tumsikie vizuri."

Bibi yetu, mzaa baba zetu, aliishi Mpui. Alikuwa anajua nyimbo za Kifipa ambazo sijamsikia mtu mwingine akiziimba: za kupalilia, za kutwanga, za kumtuliza mtoto aliyeachishwa ziwa. Mwaka 2013 nilimrekodi dakika nne kwa simu ile, ameketi mlangoni, kuku wanapita. Mwaka 2015 alifariki. Dakika nne hizo ndizo zilizobaki.

Tuliiweka. Kioo cha kifaa kikaonyesha kile ambacho boksi halikuwahi kutaja: sampuli 8,000. Simu za vitufe zilirekodi hivyo. Zilitengenezwa kubeba maneno ya mazungumzo, basi. Kila kitu kilichozidi mitikisiko 3,400 hivi kwa sekunde zilikitupa.

Kifaa cha sampuli 192,000 kikacheza sauti ya sampuli 8,000.

Alikuwepo. Tulimsikia anavuta pumzi. Kwa hedifoni zile nzuri nilisikia hata kuku, na mchi wa jirani unavyodunda mbali, vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia kwenye simu. Lakini zile herufi zinazopulizwa kwa meno, "s" na "f", zilikuwa zimekwanguka. Kuna mahali katika wimbo wa pili neno moja linaweza kuwa moja kati ya mawili, na maana inabadilika yote. Tulirudia mara nyingi. Kaka alizungusha kitufe, akageuza mipangilio yote, moja baada ya nyingine. Mwisho akauliza, sauti ya chini, "Hakiwezi kuyarudisha?"

"Hakiwezi, kaka. Hayamo."

"Hata kingine cha bei zaidi?"

"Hata cha dhahabu. Kinaweza kubahatisha tu. Hakitakuwa bibi tena."

Hapo nilielewa kitu ambacho majedwali yote ya desibeli hayakunipa. Tumekuwa tukitafuta ubora kwenye mwisho wa mto. Maji yakishachafuka kwenye chemchemi, kikombe cha fedha hakisaidii. Wingi wa sampuli na biti una maana kubwa sana, lakini maana hiyo iko pale sauti inaponaswa, kabla haijafika sikioni. Mtu anaporekodi hajui bibi atanong'ona au atapiga vigelegele. Akiwa na biti 24 anaweza kuweka kipimo chini, vigelegele visipasuke, na mnong'ono bado ukabaki juu ya mchakacho wa mashine. Chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, IASA, kinashauri kwamba kanda za zamani zisihamishwe kwa chini ya sampuli 48,000 na biti 24. Hawafanyi hivyo kwa sababu masikio yao ni ya popo. Wanajua kanda inaoza, na nafasi ya kuinakili vizuri huenda ikawa moja tu.

Fikiria Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miongo mingi bendi zetu zilikwenda studio pale, zikapiga, zikanaswa kwenye mikanda mikubwa. Mwaka 2012 watu walianza kuchangisha fedha ili mikanda hiyo ihamishiwe kwenye kompyuta, na waliotaja ukubwa wa maktaba ile walisema ni saa 100,000 hivi. Sasa wazee wetu wa Sumbawanga waliwasikiaje Salum Abdallah, aliyefariki 1965, au Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979? Kwa redio ya mkulima, ikikwaruza. Kituo cha masafa ya kati kinapewa njia ya kilohezi 9 tu, na sauti inayopita humo salama haizidi sana mitikisiko 4,500. Yaani waliowapenda wanamuziki wale kuliko sote hawakuwahi kuwasikia walivyo kwenye mkanda. Walilia, walicheza, walioana kwa nusu ya sauti. Nusu nyingine imelala Dar. Ikiharibika kabla haijanakiliwa, hakuna magunia ya mahindi yatakayoinunua.

Je, wale wazee walipata raha kidogo kuliko kaka? Sithubutu kusema. Ndiyo maana nasema ubora wa sauti na raha ya sauti ni mambo mawili. Raha inaweza kupita kwenye tundu dogo sana. Ukweli hauwezi. Neno la bibi lililokwanguka halitaongezwa na mapenzi yangu kwake, ingawa mapenzi hayo yananifanya kila siku nidhani nimelisikia. Leo nalisikia hivi, kesho vile. Nami sasa najua tabu ya mtu anayesikia kisichokuwepo, sina cha kumcheka kaka.

Tena ngoja niseme lote. Mwaka ule wa 2013 kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye kinasa sauti kizuri, alikubali kuniazima. Nilisema nitakifuata baada ya mavuno. Mavuno yakapita, nikasema baada ya mvua. Kumbe kaka alinunua kifaa kikubwa mno kwa kusikiliza, na mimi nilitumia kidogo mno kwa kunasa. Kati yetu sisi wawili, nani alipoteza zaidi? Yeye alipoteza magunia 12. Hesabu yangu mimi haina gunia.

Basi nikimjibu mtu anayeuliza kama vifaa hivi vya bei mbaya vinasikika vizuri zaidi, ninamwambia hivi: kwa sikio lako, ukilinganisha na CD iliyotengenezwa vizuri, huenda hutaona tofauti hata mara moja, nunua hedifoni nzuri, funga mlango, inatosha. Na ukimkuta ndugu yako amekwisha kununua, mwambie ukweli, lakini mwambie mkiwa wawili, na wewe mwenyewe ukubali kufunikiwa shuka. Ukweli unaosemwa ili wengine wacheke una harufu ile ile ya herufi za dhahabu: unatafuta sifa.

Kaka hajauza kifaa chake, wala sijamshauri. Bado anakioga na kukisikiliza kila Jumamosi. Lakini juzi tumezungumza kuhusu shangazi yetu wa Laela, mdogo wa mwisho wa baba zetu. Yeye ndiye aliyebaki anayejua zile nyimbo za kutwanga, na pengine neno lile. Simu yangu ya sasa inanasa sampuli 48,000; si kitu cha kujivunia, ndivyo simu nyingi zilivyo siku hizi, hata yako. Tulimpigia. Akacheka, akasema, "Wanangu, njooni baada ya mavuno, sasa hivi nina kazi."

Kaka akaniangalia. Nikamwambia shangazi tunakuja Jumapili hii, tutamsaidia kuvuna.